Naomba ushauri: maboksi na jipsam chakavu kwenye mboji

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Tunatengeneza mboji ya manispaa kwa taka za sokoni, sasa tunajaribu kuchanganya maboksi yaliyochanwachanwa na jipsam (zile bodi nyeupe za dari na kuta) ya kusaga kutoka mabaki ya ujenzi ili naitrojeni isipotee hewani kama amonia. Rundo la maboksi linapanda vizuri tu mpaka nyuzi 60, ila lile la jipsam ukilifunua katikati linanuka mayai viza, ukikamua kiganjani maji yanachuruzika, nimeligeuza na kuongeza maranda lakini harufu bado ipo na majirani nawaonea huruma kwa kweli.

Jipsam isizidi asilimia ngapi ya uzito? Na metali nzito (zile zenye sumu kama risasi na zebaki) nipime kwenye malighafi kabla ya kuchanganya au mboji ikishakomaa?