Naomba ushauri: kufunga ringi za mwanga kwenye taa za mbele

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kabla sijaharibu gari. Nataka kufunga zile ringi za mwanga ndani ya taa za mbele, kama zilizokuja na BMW E39 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fundi anasema lazima taa ifunguliwe, yaani inawekwa kwenye oveni gundi ilainike halafu kioo kinabanduliwa, hapo ndo roho inaniuma maana taa zangu ni orijino na kuna jamaa yangu alifungiwa hivyo hivyo, mvua ya kwanza tu ukungu ndani, matone yanateleza kwenye kioo mpaka leo. Gundi gani inaziba vizuri? Alafu nichukue za LED au zile za CCFL zenye kimrija cha glasi na inveta yake (kile kidude cha kupandisha volti)? Nasikia hizo zikitikisika sana zinapasuka. Na waya, niunge kwenye taa za paki au nivute laini yake yenye fyuzi? Injini ikiwaka umeme unapanda mpaka volti 14 hivi, sitaki ziungue mapema. Nataka nyeupe tu lakini, mambo ya bluu na nyekundu hapana, sio disko. Waliowahi kufunga nijuzeni.