Pilau ya jirani imelala kwenye ndoo: nimwage au nipashe? Na tutaachaje kumwaga chakula kila wiki?

MamaWatatu_Tabata (mleta uzi)

Habari za usiku wapendwa. Nina jambo dogo lakini limetugombanisha mimi na baba watoto tangu asubuhi.

Jana jirani alikuwa na arobaini. Pilau iliiva kwenye saa sita mchana, tukala hapohapo, na saa kumi wakatufungia nyingine ya kuondoka nayo, ndoo ya lita kumi, imejaa mpaka mfuniko unabana. Nilitaka niipunguze niiweke kwenye friji, umeme ukakatika, nikasema ngoja urudi. Usiku tukala tena. Umeme ulirudi saa saba, sote tumelala. Leo asubuhi nikapasha ile ya juu, mwanangu mdogo wa miaka minne akala saa moja, kabla ya kwenda shule. Saa tatu mwalimu ananipigia, mtoto katapika mara tatu. Jioni hii yuko mzima, anaruka kwenye makochi.

Sasa baba yao alikula ileile, sahani mbili, hajaumwa hata kichwa. Anasema tatizo si pilau, mtoto kala kitu huko shuleni. Ndoo imebaki nusu, nimeiingiza kwenye friji leo asubuhi, na nyama zipo za kutosha. Inanukia vizuri kabisa. Nimwage?

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Kwangu kumwaga ni jambo la kila wiki. Tuko watano, napika kama tuko wanane, kwa sababu nimelelewa kwamba mgeni akija akute sufuria ina kitu. Mgeni haji. Jumamosi nikisafisha friji nakuta mchicha umekuwa mlenda, maharage ya nazi yamechacha, nyanya zimepasuka, slesi za mkate zina ukungu. Niliandika kwa wiki moja tu nikaona vya kama elfu kumi na tano vimeenda jalalani. Unga na mikate yenye ukungu nawapelekea kuku wa mama mdogo, angalau roho inatulia.

Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

MtotoWaKiporo

Dada, sisi tumekula viporo tangu tunapata akili. Wali wa jana na chai ya rangi ndio ulikuwa unatupeleka shule, na hakuna aliyekufa. Pasha mpaka itoe moshi, kula, mshukuru jirani. Watoto wa siku hizi mmewalegeza matumbo.

NesiWaZamu

Pole kwa mtoto. Mwaga. Najua inauma, ila mwaga pamoja na nyama zake.

Nieleze kwa nini, maana hiyo "pasha mpaka itoe moshi" ndiyo inayotuletea wagonjwa usiku. Mchele huja na kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus, kinatoka nacho shambani. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Wali ukiwa wa moto sana zinatulia. Ukibaki vuguvugu kwa saa nyingi zinaamka, zinazaana, na aina mojawapo inatema sumu humohumo kwenye wali. Sumu hiyo haivunjiki kwa kupashwa. Unaua kijidudu, alichokwisha kukiacha kinabaki. Na kutapika kwake huanza kati ya nusu saa na saa sita tangu mtu ale. Mtoto kala saa moja, katapika saa tatu. Siwezi kuapa kuwa ndicho, sijampima, na pilau ya shughuli imepita mikono mingi, kuna vijidudu vya mikononi navyo hufanya hivyohivyo. Ila muda unalingana.

Kuhusu baba yao: hakupakua kijiko kilekile, na sumu haikugawanyika sawasawa ndani ya ndoo. Isitoshe, mwili wa mtoto wa miaka minne ni mdogo, kiasi kinachompita mtu mzima bila hata kugundua kinamwangusha yeye.

Harufu je? Hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Vinavyoozesha chakula na vinavyougulisha watu mara nyingi si vilevile. Vya kuozesha ndivyo vinavyoleta uchachu, povu na utelezi, na pua inavijua. Hivi vingine havinuki. Kwa hiyo pua ikikataa, usibishane nayo. Pua ikikubali, bado jiulize: kimekaa nje saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili nje. Cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, cha moto juu ya nyuzi 60, katikati ya hapo ndipo vinapostawi. Wamarekani wanapunguza mpaka saa moja joto likipita nyuzi 32, na Dar ya Januari tunaijua sote. Pilau yako ilitoka jikoni saa sita mchana ikaingia friji asubuhi ya pili.

Na ndoo! Ndoo ndefu yenye mfuniko ni kama hotipoti mbovu. Haiweki moto wa kutosha kuua na haiachii joto litoke. Siku nyingine mimina kwenye sinia pana, au tia sufuria kwenye beseni la maji baridi ukoroge kidogo, halafu gawa kwenye vibakuli vifupi uvitie friji vikiwa bado vuguvugu. Usisubiri mpaka vipoe kabisa.

MamaWatatu_Tabata

Nimemwaga. Baba yao amesimama mlangoni ananitazama kama nimemwaga mshahara.

MtotoWaKiporo

Nesi nakuheshimu, lakini hujanijibu. Kwetu hakukuwa na friji wala umeme. Mbona tulipona?

NesiWaZamu

Kwenu wapi mkuu?

MtotoWaKiporo

Njombe.

NesiWaZamu

😂 Mkuu, Njombe ya mwezi wa saba usiku ni friji yenyewe. Halafu kumbuka bibi alipika kiasi gani: kiporo kilikuwa bakuli moja lililobaki saa mbili usiku, likaliwa alfajiri. Na maharage aliyachemsha tena kabla ya kulala, yakatokota hasa, yakafunikwa bila mwiko kuingia tena. Kile kilikuwa kitu cha akili. Usikihamishie Dar, kwenye ndoo ya lita kumi.

SahaniNane

Mimi nina banda la chakula, mama lishe kamili, na nikimwaga nakula hasara yangu mwenyewe, kwa hiyo nisikilizeni. Mnahangaika na friji wakati kosa liko kwenye kupima.

Dada, unapima mchele kwa nini? Kwa jicho, naapa. Mimi kilo moja inanitolea sahani nane za kushiba za wanaume wa kazi. Ninyi watano, watatu watoto, nusu kilo inawatosha na ukoko unabaki. Tafuta kikombe kimoja kisichobadilika, hata kopo la maziwa, kiishi ndani ya ndoo ya mchele. Wiki moja utajua vikombe vingapi ni vyenu.

Mgeni usimpikie kabla hajaja. Mpikie akiwa ameketi. Ugali hauzidi robo saa, mayai mawili na nyanya, mgeni amekula chakula cha moto na amekuona ukimhangaikia. Huyo anayekuta wali wa saa nne zilizopita ndiye unayemdharau.

Maharage: chemsha kilo nzima kwa chumvi tu, gawa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, ingiza friza. Nazi na vitunguu weka siku ya kula. Kinachochacha haraka ni tui, mnalaumu maharage bure. Wali wa nazi uwe wa kumaliza siku hiyohiyo.

Nyanya za fungu zikianza kulegea usisubiri zipasuke, kaanga zote kwa mpigo zikauke maji, gandisha. Mchicha usiuoshe kabla ya kuuweka. Maji ndiyo yanayouozesha. Ukunje kwenye khanga kuukuu kavu. Mkate hamuumalizi? Slesi zikae friza, unatoa mbili unaweka kwenye kikaango moja kwa moja. Na wali uliobaki ukiwa umeutunza vizuri kwenye friji, kesho yake usage na unga kidogo na hamira upate vitumbua. Watoto hawatajua.

FundiMajokofu

Naongezea la umeme. Friji lisipofunguliwa linashika ubaridi kama saa 4. Friza lililojaa linafika saa 48, lenye nusu ni 24. Tatizo ni kila mtu nyumbani kwenda kuchungulia kama bado baridi! Jazeni chupa tupu za maji (acheni nafasi juu, maji yakiganda yanatanuka) mzipange kwenye friza. Umeme ukikatika, mbili zihamie kwenye friji chini.

Na hii kwa wanaosafiri: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, ujue friza liliyeyuka likaganda tena, hata kama kila kitu kinaonekana kigumu. Hapo kuku na samaki usiwaonee huruma.

Mpira wa mlango nao upimwe. Funga karatasi kwenye mlango uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, na LUKU yako inapoza jiko.

Mvuvi_wa_Feri

Mmesahau samaki. Macho yamejaa na yanang'aa, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama inarudi: huyo mzima. Lakini vibua na jodari wana lao. Wakikaa juani bila barafu wanajenga kitu kinachoitwa histamini. Ukila, mdomo unawasha, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, utadhani una mzio. Ndimu haiondoi, mafuta ya moto hayaondoi. Anayekuuzia kibua mchana bila barafu kwa bei ya kutupa, mwache atupe.

MuiMakueni

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma mpaka pale kwa kuku nikashtuka. Mama, tafadhali wacha kuwapelekea unga wenye ukungu.

Mwaka wa 2004 huku kwetu Makueni, Kitui na wilaya jirani watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyoota kuvu, 125 wakafa. Ninyi Watanzania mliyaona hayo 2016 Dodoma na Manyara. Ninyi mnaiita sumukuvu, sisi tunasema aflatoksini. Haitoki kwa kupika wala kwa kuosha. Mifugo nayo inadhoofika, na ng'ombe akila, inaingia kwenye maziwa, kwa hivyo inakurudia mezani. Mahindi, karanga, unga: ukiona kuvu au ukisikia uchungu usio wa kawaida, fukia. Mkate ni laini, mizizi ya ukungu inakwenda mahali huoni, usikate kipande ukala kingine. Karoti au kabichi ngumu ni sawa, kata doa na kama sentimita mbili na nusu kuzunguka.

Kuku wape maganda ya ndizi yaliyochemshwa, majani ya nje ya kabichi, makombo ya leo. Mengine tengeneza mboji.

MamaWatatu_Tabata

MuiMakueni umenitoa jasho. Nimempigia mama mdogo usiku huu huu. Asanteni. Na mayai yanayoelea kwenye maji? Na tarehe za kwenye pakiti?

NesiWaZamu

Yai likielea ni la zamani, hewa imeingia. Si lazima liwe limeoza. Livunje kwenye kikombe peke yake, ukishaona na kunusa utaamua, na ulipike mpaka kiini kigande. Tarehe: "Best before" inazungumzia ubora, biskuti ikipita wiki moja imelegea tu. "Use by" ni usalama, ikipita achana nayo. Pakiti nyingi zetu zimeandikwa EXP tu, hiyo iheshimu, hasa maziwa na nyama. Kopo lililovimba litupe hata kama tarehe ni ya mwakani, na usilionje.

Mpita_Njia

Kwa wanaojiona wako peke yao: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kuwa tani bilioni 1.05, na kama asilimia 60 yake kilitoka majumbani, si hotelini. Cha majumbani peke yake ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Dada, wewe na baba yao mkigombana mna wenzenu wengi.

MamaWatatu_Tabata

Wiki tatu baadaye, nimerudi na mrejesho.

Vikombe vyetu ni vitatu. Siku ya kwanza baba yao alitazama sufuria akauliza kama kuna msiba wa mchele. Walikula, wakashiba, mkubwa akagombania ukoko. Jumamosi iliyopita nilichotoa kwenye friji ni nusu limao na dhania iliyonyauka.

Halafu Jumatano ikaja ile niliyoiogopa: shemeji kaingia saa mbili usiku na rafiki zake wawili, sufuria tupu imeshaoshwa. Nikasonga ugali, nikatoa mfuko wa maharage kwenye friza, nikakuna nazi. Dakika ishirini na tano kwa saa ya ukutani, SahaniNane umenipunja kumi. Shemeji kala akauliza kwa nini siku hizi kwangu chakula kina moto.

Jirani naye ana hitma mwezi ujao. Nimeshamwambia nitakuja na sinia langu.

SahaniNane

Kumi za kukuna nazi sikuzihesabu. Friza limebaki na mifuko mingapi?

MamaWatatu_Tabata

Miwili. Kesho naloweka mengine.