Daktari tarajali anayetaka kubobea katika upasuaji wa kichwa na shingo aanzie wapi?

Mwuliza swali, Mbeya
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni daktari tarajali. Tangu nilipomsaidia bingwa katika upasuaji wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi shingoni, nimetamani kubobea katika magonjwa ya kichwa na shingo, lakini baadhi ya wenzangu wananiambia nianze na upasuaji wa jumla, na wengine masikio, pua na koo. Naomba ushauri wenu.

Daktari bingwa, masikio, pua na koo
Marahaba, mdogo wangu. Njia zote mbili hufika, ila mimi ningechagua masikio, pua na koo, kwa sababu utazoea kuchungulia mwenyewe kikoromeo, yaani kiungo cha sauti kooni, kabla na baada ya kupasua. Ubingwa unaweza kuusomea Muhimbili, au kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji chenye makao yake Arusha, ambacho humfundisha daktari akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Ubobezi wenyewe wapo wanaoufuata Chuo Kikuu cha Cape Town. Atlasi ya upasuaji iliyohaririwa na Johan Fagan wa chuo hicho hupatikana bure mtandaoni. Anza kuisoma sasa.

Mpasuaji mstaafu
Kijana wangu, jifunze pia kuwafuatilia wagonjwa. Nyuma ya tezi ya thairoidi hupita neva za sauti, na hapo hapo hukaa vitezi, kwa kawaida vinne, vidogo kama punje za mchele, vinavyotawala kalsiamu ya damu, kwa hiyo neva au vitezi hivyo vikidhurika, jeraha linaweza kupona vizuri huku mgonjwa akiwa amepoteza sauti au akikakamaa mikono. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, aliwaita tena wagonjwa aliowatoa tezi yote, akakuta wengi wamezorota mwili na akili. Mwaka 1883 alilitangaza jambo hilo hadharani, akaacha kuitoa yote kwa ajili ya rovu. Kwangu mimi, kukiri huko kunamtukuza kuliko wepesi wa mikono yake.

Mgonjwa wa zamani
Mimi si daktari. Nilitolewa kikoromeo kwa sababu ya saratani, na nashukuru kuwa hai, lakini hakuna aliyenieleza waziwazi kwamba nitazinduka bila sauti na kwamba nitapumulia tundu la shingoni. Daktari, ukifika huko, kaa na mgonjwa na familia yake kabla ya siku ya upasuaji, umwache aseme nao yale anayotaka wayasikie kwa sauti yake.