Kwaya kwenye spika sita: kiongozi kahamia kulia, subwufa inanguruma

fundi_mitambo_tabata
Wakuu, habari za jioni. Naombeni masikio yenu.

Mimi ni fundi mitambo wa kwaya ya kanisani kwetu huku Tabata, waimbaji 34, hakuna vyombo. Ijumaa tulirekodi kuanzia saa tatu usiku, bajaji zikishapungua barabarani. Feni zote nane nikazima. Mama mmoja wa sauti ya pili akaniambia wazi kwamba nataka kuwaua kwa joto. Mbele, nyuma ya mwalimu, nilisimamisha chuma nilichochomelewa kule mtaa wa Gerezani, kimo mita tatu, maiki tatu zinazosikia pande zote: ya kushoto na ya kulia zimeachana mita 2, ya kati imetangulia mita 1.5. Kiongozi wa wimbo nikampa maiki yake. Kule mlangoni nikaweka nyingine mbili, mita 17 kutoka kwenye kile chuma. Zote rekoda moja, 48 kHz, biti 24.

Nimemiksi nyumbani kwa 5.1, yaani spika tano na subwufa, ile ya besi. Kiongozi nimempeleka spika ya kati peke yake. Subwufa nimeiacha tupu makusudi, kwani kuna ngoma? Kwenye programu yangu kila kitu safi. Nikatoa faili moja la njia sita, kila spika na njia yake, nikalipeleka kwa shemeji mwenye spika za sinema sebuleni. Aibu niliyoipata! Kiongozi anaimbia upande wa kulia, spika ya nyuma kulia kimya kabisa, na ile subwufa niliyoiacha tupu inanguruma kama jenereta. Shemeji kauliza kama kwaya yetu siku hizi inaimbia chini ya meza.

La pili, neno "mtakatifu" linagonga mara mbili, kila "t" na "k" ina pacha wake. Mwangwi wa programu nimeuzima wote, bado.

kunguru_wa_posta
Waya wa nyuma kulia umekatika huo. Badilisha, uendelee na maisha.

dada_miksa
Waya ukikatika spika inanyamaza tu mkuu, haimhamishi mtu kutoka kati kwenda kulia.

Kaka wa Tabata, tatizo ni foleni ya njia. Programu yako imetoa faili kwa mpangilio wa sinema: kushoto, kati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, subwufa. Mashine ya shemeji inasoma faili la sauti la WAV kwa mpangilio wake: kushoto, kulia, kati, subwufa, nyuma kushoto, nyuma kulia. Sasa hesabu kwa vidole. Ya pili kwako ni kati, kwake ni kulia, kiongozi huyo kahama. Ya nne kwako ni nyuma kushoto, kwake ni subwufa, ndiyo ngurumo. Ya sita umeiacha tupu, na kwake ya sita ni nyuma kulia. Mimi kosa hili lilinila siku mbili, nikamlaumu mpaka fundi wa TV. Kabla hujatoa faili, rekodi sauti yako mwenyewe ukitaja kila spika kwa jina, uipitishe moja moja.

Na usimfungie kiongozi kwenye ile ya kati tu. Mmwagie kidogo kushoto na kulia, la sivyo anasikika kama yupo ndani ya redio na wenzake wapo nje.

Kugonga mara mbili, hayo ni maiki zako za mlangoni. Kwa joto letu, tuseme digrii 28, sauti inakwenda karibu mita 348 kwa sekunde. Mita 17 ni milisekunde 49 hivi. Ucheleweshaji mdogo sikio linaumeza, ila herufi kavu kama hizo zikichelewa kiasi hicho zinasikika mbili. Kama mwalimu alipiga kofi kabla ya kuanza, tafuta kofi hilo mbele na nyuma, kisha vuta njia za nyuma zije mapema kwa milisekunde 30. Zibaki nyuma kama 20.

Safari ijayo zisogeze, mita 7 zinatosha, na tumia maiki za kusikia upande mmoja, ziipe mgongo kwaya. Ziangalie mlango na mabati. Kuna wanaoweka sauti ya nne nyuma eti msikilizaji awe katikati ya kwaya. Sipendi. Nikikaa kwenye benchi kanisani, nyuma yangu kuna ukuta na mtoto anayelia, hakuna besi.

simu_tupu
Wenye spika sita mjini hapa wangapi? Sikiliza na kwenye simu, mkuu.

fundi_mitambo_tabata
Dada, Mungu akubariki. Foleni ilikuwa hiyohiyo, kiongozi karudi kati. Kofi nimelipata: milisekunde 50, umekosea moja tu. Nimevuta 30, "mtakatifu" imekuwa moja. Kwenye simu pia inakaa vizuri, nyuma nimepunguza kidogo.

Ila sasa nyuma kushoto nasikia mlinzi anaburuta kiti, tena pale sauti zote zimenyamaza kabla ya ubeti wa tatu.

dada_miksa
Hapo kata, weka ukimya wa ukumbi uleule kutoka dakika ya mwanzo kabla hawajaanza. Usiweke ukimya mtupu, utasikika kama shimo.

fundi_mitambo_tabata
Sawa. Na yule mama wa sauti ya pili anauliza kama safari ijayo feni mbili tu zinaweza kuwaka.

dada_miksa
Mnunulie maji.