Nimeokoka ila hela hazikai mkononi, nisaidieni wapendwa

tumaini_hai
Bwana asifiwe wapendwa. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayenijua, kanisani siwezi kusema. Mimi ni mama, nina kazi, mshahara unaingia kila mwezi na sio mdogo kihivyo, shida ukiingia tu mimi nabadilika. Naanza kununua, nguo, vyombo, vitu vya watoto ambavyo hata hawajaomba, mtu akipiga ana shida natuma, kanisani wakisema nani anaweka ahadi naandika namba kubwa kuliko uwezo wangu maana naogopa nitaonekanaje, mpaka siku ya tano nimebaki na nauli. Hapo ndo naingia kwenye apu za mikopo, nakopa huku nalipe kule, na tarehe ya marejesho ikifika simu ikiita tu moyo unaruka. Mume wangu anajua nina deni moja.

Kwenye mikesha nimeshaapa mbele za Mungu kwamba basi imetosha, nalia kabisa sio maigizo, wiki mbili nimerudi palepale. Sasa nauliza, hii ni roho inanifuata au ni tabia tu? Na kama ni tabia, imani inasaidia wapi hasa, maana nimeombewa mara tatu na sasa naona aibu kwenda tena mbele.

mlinzi_langoni
Pole dada. Hiyo ni roho ya uharibifu, soma Malaki 3:11, Mungu anasema atamkemea yeye alaye. Funga siku 3, toa zaka kamili bila kupunguza, utakuja kushuhudia hapa.

mhasibu_mstaafu
Mtumishi hapo juu sikupingi kwenye maombi, ila mama huyu kashakesha na kashaombewa, tukimrudisha hukohuko bila kumwambia kitu kingine tunamuongezea mzigo.

Mimi nilikaa miaka mingi kwenye hesabu za watu na bado za nyumbani kwangu zilikuwa fujo, kwa hiyo sikuhubirii kutoka juu. Kilichonifungua macho ni Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri aliyepanda mti ili amwone Yesu, Luka 19. Sisi tunakumbuka mti tu. Lakini angalia alichosema aliposimama, hakusema Bwana nitajitahidi kuwa mtu mzuri, alitaja hesabu. Nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Nusu, mara nne. Toba yake ilikuwa na namba ndani yake na aliisema hadharani, Yesu akamjibu leo wokovu umefika nyumba hii. Mimi nilikuwa natubu kwa machozi na namba nimezificha kwenye droo.

Halafu kuna yule mjane wa 2 Wafalme 4, mwenye kudai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha kabla ya muujiza anamuuliza, una kitu gani nyumbani? Yaani tuanze na kilichopo. Mafuta yakazidi kweli, muujiza umetokea, lakini bado aliambiwa nenda ukauze, ulipe deni, kinachobaki ndo muishi wewe na wanao. Deni halikuyeyuka hewani dada. Lililipwa, tena mwanzo.

Ushauri wangu: chukua karatasi leo, andika kila unayedaiwa, kiasi gani, tarehe gani. Halafu mwonyeshe mumeo, kabla hujamwonyesha mchungaji.

mlinzi_langoni
Kwahiyo mnasema asiombe?

mhasibu_mstaafu
Aombe, tena sana, ila hiyo karatasi iwe mbele yake anapoomba.

dadaT
Naomba niingie kwa upande wa pili maana mimi ugonjwa wangu ni kinyume. Mimi hela haitoki. Nilikua kwenye nyumba ambayo kuna siku tulilala bila kula, nikaapa sitarudi huko, nilipoanza kazi nikawa naweka tu, usiku naamka naangalia salio kwenye simu kama mtu anayeangalia mtoto mchanga kama anapumua. Watu wakawa wananisifia nina nidhamu!! Mpaka mwanangu aliumwa nikasubiri siku mbili nzima kumpeleka hospitali nikijiambia itapoa, kumbe nilikuwa nalinda salio. Alipona, namshukuru Mungu, ila ile siku sijaisahau.

Kilichonigusa ni mana, kile chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, Kutoka 16. Waliolaza mpaka asubuhi ikaingia mabuu ikanuka, na hapo nikajua wananisema mimi. Lakini endelea kusoma, siku ya sita waliokota mara mbili, wakalaza kwa ajili ya sabato, na haikunuka. Chakula kilekile. Kwahiyo kuweka akiba sio dhambi, Mungu mwenyewe aliwaambia waweke, kilichooza ni kile walichoficha kwa kutoamini kama kesho atatoa tena. Tangu hapo nikiweka hela najiuliza hii naiweka kwa ajili ya nini, kama kuna jibu naweka, kama jibu ni naogopa tu basi naipeleka panapohitajika. Sio kila mara naweza, mwezi uliopita nilishindwa.

Sasa tumaini_hai, wewe unamwaga mimi nabana ila nikikusoma naona hofu ni ileile. Wewe unaogopa watu watakuonaje, umeandika mwenyewe hapo juu kwenye habari ya ahadi. Hebu anzia hapo kwanza kabla ya nguo.

kaka_mdogo
Naunga mkono dadaT kuhusu ahadi. 2 Wakorintho 8:12 Paulo anasema nia ikiwepo mtu anakubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Sasa sadaka ya mkopo wa apu ni ya asivyo navyo, tena ina riba. Nenda kwa mtunza hazina mwambie ile namba siiwezi, naweza hii. Utaona aibu kama dakika kumi hivi.

Mengine ya haraka: futa hizo apu ukishalipa moja moja, usisubiri zote ziishe. Na mshahara ukiingia usinunue kitu siku hiyo, lala nayo kwanza. Mimi ndo nilivyoanza, na nilikuwa mchezaji wa kubeti huku naimba kwaya, hiyo stori ni ndefu tuiache.

tumaini_hai
Wapendwa nimerudi. Asanteni, nimesoma yote mara mbili, ya dadaT nimelia. Mtumishi mlinzi nilifunga pia, siku moja, tatu ningeanguka kazini.

Jana usiku watoto wamelala nikakaa na karatasi kama alivyosema mzee wetu mhasibu. Nilikuwa najiambia madeni ni matano, yakatoka saba. Mawili nilikuwa nimeyasahau kabisa, au niseme nilikataa kuyakumbuka. Nikampa mume wangu, nimesimama mlangoni sijui kwanini sikukaa. Akasoma mpaka chini kimya, akauliza la kwanza kabisa, hili la saba ni la nani? Nikamwambia ni la dada mmoja wa kwaya, dogo sana ndo maana nimekuwa nikimkwepa mlangoni pa kanisa karibu mwaka mzima. Akasema basi tuanze na hilo Jumapili. Hakufurahi, msinielewe vibaya, leo asubuhi tumeongea kidogo sana.

Mhasibu naomba kuuliza, hilo dogo ndo la kwanza kweli au niwahi la apu lenye riba?

mhasibu_mstaafu
Kwa hesabu, la riba. Ila mumeo kasema Jumapili, mlipeni huyo dada kwanza. La apu nitumie namba zake hapa bila majina, tuliangalie pamoja.