Mbunge akitoroka ili akidi isitimie, anatetea wapiga kura wake au ni mtoro?

Wakuu salaam. Nauliza nikiwa na upande, sifichi: mbunge anayekimbia ili kikao kisifanyike, avuliwe ubunge au aachwe?

Chukueni Texas, Agosti 2025. Warepublican walitaka kuchora upya mipaka ya viti vya Bunge la Marekani wajipatie vitano zaidi, bila kusubiri sensa ya 2030 kama ilivyo kawaida. Baraza la wawakilishi la jimbo lile lina watu 150 na akidi, idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kifanyike, ni theluthi mbili, yaani 100. Warepublican walikuwa 88. Kura za kupitisha wanazo, watu wa kufungulia kikao hawana. Wademokrat zaidi ya 50 wakaondoka jimboni, wengi wakaenda Illinois, ambako polisi wa Texas hawana mamlaka. Spika Dustin Burrows akasaini hati za kuwakamata. Gavana Greg Abbott akakimbilia mahakama ya juu ya jimbo, akitaka kiongozi wa Wademokrat hao, Gene Wu, avuliwe kiti. Faini ya utoro ilikuwa dola 500 kwa siku, na mshahara wa mbunge wa Texas ni dola 600 kwa mwezi. (Ndiyo, kwa mwezi. Waheshimiwa wa Dodoma na Nairobi wasome tena.)

Wakarudi baada ya wiki mbili. Tarehe 20 Agosti ramani ikapita, 88 kwa 52.

Wengi wanasema basi utoro haufai kitu. Haufai Texas. Gavana wa pale anaitisha kikao maalumu cha siku 30, kikifungwa anaitisha kingine siku hiyohiyo, kwa hiyo anayechoka ni mtoro. Utoro wa Wademokrat wa Texas wa 2003 na 2021 uliisha hivyohivyo. Lakini Oregon mwaka 2020 waliosusa walikuwa Warepublican, kikao kikafungwa siku chache kabla ya ukomo wake wa kikatiba, na muswada wa kudhibiti hewa ukaa ukafa. Nashangaa waliowaita wale wahuni ndio waliowashangilia hawa wa Texas, na kinyume chake.

Msimamo wangu: wakatwe posho na mshahara, sawa. Gavana kumng'oa mbunge aliyechaguliwa, hapana. Akidi ya theluthi mbili imo kwenye katiba ya Texas; asiyeipenda aende akaibadilishe. Oregon walifanya kiungwana: mwaka 2022 wananchi wenyewe walipiga kura kwamba mbunge akikosa vikao 10 bila ruhusa hagombei tena kipindi kinachofuata. Maseneta 10 wakanasa 2023, na mahakama ikathibitisha.

Kwetu mbinu hii haina meno. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 na akidi ni 50. Tanzania, UKAWA (umoja wa vyama vya upinzani) walitoka Bunge Maalum la Katiba Aprili 2014, Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao.

Karibuni.

—

Mkuu, unatetea utoro kwa lugha tamu. Mpiga kura alimtuma mtu akabishane ukumbini, hakumtuma akapige picha Chicago. Tena wamekimbilia Illinois, ambako Wademokrat wenyewe wamechora mipaka inayopinda kama nyoka! Ukishindwa kwa kura, kaa chini, subiri uchaguzi.

—

Ya Illinois nakupa, ile ramani ni aibu. Ila "subiri uchaguzi" ndipo unaponipoteza. Kinachobishaniwa ni mipaka ya uchaguzi huohuo unaoniambia nisubiri. Angekuwa anapinga bajeti au barabara, ningekuwa upande wako. Na kelele za Texas hazikupotea hewani: Novemba 2025 wapiga kura wa California walipitisha ramani yao ya kujibu mapigo, ya kuwapa Wademokrat viti vitano. Sisemi ni jambo jema. Wewe ungekuwa na viti 62 kati ya 150, ungefanya nini?