Naomba ushauri: ukingo wa sponji wa spika za besi umeoza

Ndugu wanachama, habari zenu. Nina jozi ya spika kubwa za kusimama sakafuni, zilizotengenezwa Uingereza mwaka 1994, ambazo nimezitumia hapa Tanga kwa miaka 11 nikizipenda mno, kwani makasha yake ni mazito na hayatetemeki hata besi ikipanda. Mwezi uliopita besi ilianza kukwaruza. Nilipoondoa kitambaa cha mbele nilikuta ukingo wa sponji unaoshikilia koni (sehemu inayotetemeka kutoa sauti) umeoza, nadhani kwa unyevu wa pwani, na ukiugusa unapukutika kidoleni kama makombo ya keki. Fundi aliubandika kwa gundi, ukachanika tena baada ya siku 3. Koni, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ni nzima.

Je, nikiweka ukingo wa raba badala ya sponji, besi itabadilika? Na ni gundi ya aina gani inayostahimili joto la huku?